Picha ya Nakshi ya Kikristo kwa Nyumba na Zawadi: Kuchagua kwa Kusoma Mikono na Alama

Wazazi wetu walipotaka picha takatifu walichukua ile waliyoikuta kwenye meza ya vitabu nje ya kanisa. Siku hizi mkazi wa Mombasa ana njia nyingine. Makumbusho makubwa, likiwemo Rijksmuseum la Amsterdam na Metropolitan Museum of Art la New York, yameweka kwenye intaneti nakala safi za chapa za kale, mtu azipakue bila malipo, akazichapishe mjini kisha azipeleke kwa fundi wa fremu. Kwa hiyo picha za nakshi, yaani zile zilizochongwa mstari kwa mstari kwenye bamba la shaba, zikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi, zimeanza kuonekana katika sebule za Tudor, Bamburi na Mikindani. Ugumu uliobaki ni kujua ipi inafaa wapi, kwa kuwa picha hizi hazina rangi ya kumsaidia mtazamaji. Zinasema kwa ishara ya mkono na kwa alama zilizowekwa kando ya mtu.

Ulinganisho huu unahusu aina nne ambazo wengi hujikuta wakisitasita kati yake: Kristo Mwokozi wa Ulimwengu anayebariki, Moyo Mtakatifu wa Yesu, uso wa Kristo uliobaki kwenye kitambaa cha Veronika kama alivyouchonga Mfaransa Claude Mellan, na Mtakatifu Yeronimo katika chumba chake cha kazi kama alivyochongwa na Mjerumani Albrecht Dürer.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni mkono. Uso mtakatifu karibu kila mara ni mtulivu, na watu wawili wanaweza kuusoma tofauti, lakini mkono hauna utata wa namna hiyo, kwa kuwa unabariki, unaita, unaonyesha jeraha, unapiga kifua kwa toba au unashika kalamu, na kila tendo kati ya hayo linamtaka mtazamaji ajibu kwa namna yake. Kigezo cha pili ni alama, kwa maana ya vitu vinavyomtambulisha mhusika na kubeba mafundisho. Cha tatu ni uso na macho. Cha nne ni mstari wenyewe, yaani jinsi nakshi ilivyochongwa na kama itastahimili kuchapishwa upya kwa kipimo unachokitaka. Cha tano ni mahali na mtu inayemfaa.

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo la kulia na kushoto ambalo mnunuzi wa Pwani hapaswi kulipita. Bamba likikandamizwa kwenye karatasi, picha hutoka imegeuka, kilichokuwa upande wa kulia kikawa wa kushoto. Mchongaji aliyenakili moja kwa moja kwenye shaba mchoro uliopakwa rangi alitoa chapa ambamo Kristo anabariki kwa mkono wa kushoto, na chapa za namna hiyo zipo. Wachongaji makini walizuia kosa hilo kwa kuutazama mchoro kupitia kioo au kwa kuandaa kwanza nakala iliyogeuzwa. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Mtoto akimpa bibi yake kikombe kwa mkono wa kushoto huambiwa papo hapo abadilishe mkono, na mgeni akiingia sebuleni, awe Mkristo au Mwislamu, ataliona kosa la mkono kabla hajautazama uso.

Kulikagua hili ni kazi ndogo. Katika picha ya Mwokozi, mkono unaobariki uwe wa kulia wa Kristo, ambao kwa mtazamaji uko upande wa kushoto, na tufe liwe katika mkono wake wa pili. Jeraha la mkuki, pale linapoonekana, kwa mapokeo huwekwa ubavu wa kulia. Ukikuta nakala iliyogeuka, usikimbilie kuigeuza kwa kompyuta kabla hujatazama pambizo la chini, kwa sababu maandishi na jina la mchongaji navyo vitageuka visomeke kinyume.

Kristo Mwokozi wa Ulimwengu

*Mkono.* Mkono wa kulia umeinuliwa kufikia kifua au bega. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vimenyooka, na viwili vya mwisho vimekunjwa kuelekea kiganja. Mapokeo ya Magharibi huvisoma vile vitatu kama Utatu Mtakatifu na vile viwili kama umungu na ubinadamu wa Kristo. Katika mapokeo ya Mashariki, ambayo Waorthodoksi wa Kenya wanayafuata, vidole hupangwa kwa ustadi zaidi: cha shahada kinanyooka, cha kati kinapinda, gumba linakutana na cha pete kama msalaba, na kidogo kinapinda, hata mkono mzima ukaandika herufi nne za Kigiriki zinazofupisha jina la Yesu Kristo. Mtu anayebarikiwa kwa mkono huo anabarikiwa kwa jina lenyewe.

*Alama.* Mkono wa kushoto umebeba tufe, mara nyingi likiwa na msalaba juu yake, nalo ni ulimwengu ulio chini ya utawala wake. Kichwani huweza kuwapo duara la nuru lenye msalaba ndani, na hiyo ni alama ya kuaminika sana ya kumtambua Kristo, kwa maana watakatifu wengine hupewa duara tupu.

*Uso.* Anatazama mbele moja kwa moja, ameketi au amesimama sawasawa, bila kuinamia upande wowote. Ni utulivu wa mfalme, na hapo ndipo penye nguvu ya picha hii na pia upungufu wake: aliyefiwa anaweza kuuona uso huo uko mbali naye.

*Mstari.* Aina hii ilichongwa na wengi, wakiwemo ndugu wa familia ya Wierix waliofanya kazi Antwerp na kuwatumikia Wajesuiti kwa picha ndogo za ibada. Mwaka 1650 Wenceslaus Hollar alitoa chapa ya Mwokozi iliyotaja kuwa inatokana na mchoro wa Leonardo da Vinci, na chapa hiyo ilizungumzwa sana baada ya mchoro wa rangi unaohusishwa na Leonardo kuuzwa mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 450 za Marekani. Hollar alitumia asidi kuila shaba badala ya kuichonga kwa patasi, ndiyo maana mistari yake ni milegevu na myepesi zaidi. Kwa jumla, uso mkubwa wenye vitu vichache kando yake unastahimili kupunguzwa hata kufikia ukubwa wa kadi.

*Inamfaa nani.* Nyumba mpya, maharusi, ofisi, na ukuta unaotazamana na mlango, ili anayeingia aingie chini ya baraka.

Moyo Mtakatifu wa Yesu

*Mkono.* Hapa mikono yote miwili ina kazi. Mmoja unaonyesha moyo au unaufunua kwa kusogeza vazi, na wa pili umenyooshwa kumwita mtazamaji, mara nyingi jeraha la msumari likionekana kiganjani. Anayeitazama haambiwi apokee baraka kisha aende zake, anaambiwa asogee.

*Alama.* Moyo una ndimi za moto juu, msalaba mdogo ndani ya moto huo, taji la miiba limeuzunguka, na jeraha la mkuki. Ibada hii ilipata umbo tunalolijua kutokana na maono ya Mtakatifu Margareta Maria Alacoque huko Paray-le-Monial, Ufaransa, kati ya 1673 na 1675. Picha iliyonakiliwa mno ni ile ya Pompeo Batoni ya mwaka 1767 katika kanisa la Gesù mjini Roma, na sikukuu yenyewe iliwekwa kwa Kanisa zima na Papa Pio wa Tisa mwaka 1856.

Moyo unaowaka peke yake hautoshi kukuhakikishia kwamba umepata Moyo Mtakatifu. Ukiona moyo huo mkononi mwa askofu mwenye ndevu na kofia ya kiaskofu, pengine mshale ukiwa umeuchoma, huyo ni Mtakatifu Augustino, na shirika linalofuata kanuni yake lilifungua nyumba hapa Mombasa mwaka 1597, wakati wa Wareno. Ukiona moyo umechomwa upanga au umezungushiwa maua ya waridi badala ya miiba, huo ni Moyo Safi wa Bikira Maria. Wapo wanaowapelekea wazazi wao picha ya Augustino wakidhani ni ya Yesu, na wazazi kwa heshima hawasemi neno.

*Uso.* Kichwa huinama kidogo na macho humtafuta mtazamaji. Ni uso wa karibu kuliko ule wa Mwokozi.

*Mstari.* Nyingi ya picha za Moyo Mtakatifu zinazouzwa ni za rangi, zilizochapwa kwa mashine au kwa jiwe, wala si nakshi ya shaba. Iliyochongwa kweli ina mvuto wa pekee, kwa kuwa mchongaji hakuwa na rangi nyekundu ya kumsaidia. Ili moyo uonekane unawaka, aliacha karatasi nyeupe kuuzunguka na kuchonga miale myembamba inayotoka hapo, huku vazi likijazwa mistari ya msongamano ili giza lake liusukume moyo mbele. Ukiisogelea utaona kwamba penye mwanga mwingi zaidi hapana mstari hata mmoja.

*Inamfaa nani.* Familia inayosali pamoja jioni, nyumba inayopokea jumuiya ndogo ndogo, mwenye kushika Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na mgonjwa aliyelazwa nyumbani. Haimkai vizuri Mkristo wa madhehebu yasiyo na ibada hii, hata kama ataipokea kwa adabu.

Uso kwenye kitambaa cha Veronika

*Mkono.* Hakuna. Katika chapa ya Mellan ya mwaka 1649 kuna kitambaa na uso pekee, hakuna mkono wa Kristo wala wa Veronika. Dürer naye aliichonga mada hii mwaka 1513, lakini kwake malaika wawili wanakishika kitambaa, na huzuni yao inamwelekeza mtazamaji ahuzunike namna gani. Mellan aliondoa msaada huo. Kila Mkatoliki aliyefuata Njia ya Msalaba siku za Kwaresima anakijua kituo cha sita, ambapo Veronika anaupangusa uso wa Yesu. Mbele ya chapa hii, aliyesimama pale alipokuwa amesimama Veronika ni wewe mtazamaji, na mikono inayokosekana ni yako.

*Alama.* Taji la miiba, matone ya damu na machozi, mikunjo ya kitambaa, na chini yake maneno ya Kilatini yenye maana kwamba aliye wa pekee ameumbwa kwa mstari mmoja, na hakuna mwingine.

*Uso.* Macho yamefunguka na yanatazama mbele. Ni uso wa mtu anayeteswa, ila haulii kwa sauti. Ni vigumu kuutazama kwa haraka.

*Mstari.* Maneno yale ya Kilatini yanausema pia ufundi wenyewe. Mellan alianza kwenye ncha ya pua na kuchonga mstari mmoja unaozunguka na kuzidi kutanuka hadi kwenye pembe za karatasi, bila kukatiza mstari mwingine juu yake. Pua, midomo, kope, kila mwiba na kila tone vimetokea kwa sababu mstari huo unanenepa na kukonda: patasi ikizama zaidi kwenye shaba mfereji hupanuka, hubeba wino zaidi, na hapo huwa kivuli, ikipanda, mstari hukonda na mwanga huingia. Fuata mzunguko mmoja kwa jicho kutoka shavuni. Utaona unanenepa chini ya jicho, unakonda kwenye mfupa wa shavu, unanenepa tena kwenye ndevu, kisha unatoka nje kwenye kitambaa ukiwa mwembamba na sawa. Sijui picha ya Kikristo ambayo ufundi wake na imani yake vimeshikana zaidi ya hapo.

Ubora huo ndio unaoifanya iwe ngumu kuchapisha. Chapa ya asili ina takriban sentimita 43 kwa 32. Ukiipunguza hadi ukubwa wa daftari, mistari inagandana na mashavu yanakuwa doa la kijivu, na ukitumia faili dogo lililotumwa kwa simu, mzunguko unazaa mawimbi ya uongo ambayo Mellan hakuyachonga. Chapisha kwa kipimo chake cha asili au zaidi, kutoka kwenye faili kubwa la makumbusho, kwenye karatasi isiyong'aa.

*Inamfaa nani.* Mtu wa sala ya kimya, chumba cha faragha, kikanisa kidogo, aliyefiwa, na mwanafunzi wa sanaa. Si ya sebule yenye televisheni na wageni wengi.

Mtakatifu Yeronimo chumbani mwake

*Mkono.* Unaandika. Yeronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini na kufariki mwaka 420, ameinamia meza mwishoni mwa chumba, wala hamtazami mtu. Dürer alikuwa amemchonga mtakatifu huyu kabla ya hapo akiwa jangwani, akijipiga kifua kwa jiwe, tendo ambalo kila anayepiga kifua akiungama mwanzoni mwa Misa atalielewa. Katika chapa ya mwaka 1514 toba hiyo imegeuka kuwa kazi.

*Alama.* Hapa ndipo picha hii inapozidi zote tatu kwa wingi. Simba, ambaye hadithi husema Yeronimo alimtoa mwiba mguuni, amelala mbele, na mbwa kando yake. Kofia ya kardinali imetundikwa ukutani, ingawa zama za Yeronimo makardinali wa namna hiyo hawakuwapo. Saa ya mchanga inakumbusha muda, fuvu liko dirishani, na msalaba mdogo uko pembeni mwa meza. Ukivuta mstari kwa jicho kutoka kichwa cha mzee hadi kwenye fuvu, unapita kwenye msalaba, kwa hiyo kila anapoinua macho kuelekea kifo anamkuta Kristo njiani.

*Uso.* Ni mdogo, na nuru inatoka kichwani pake. Anayetaka kutazamana na mtakatifu ana kwa ana hataridhika.

*Mstari.* Chapa ni ya takriban sentimita 25 kwa 19, na ndani yake mwanga wa jua unapita kwenye vioo vya duara na kuacha vivuli vyake ukutani. Inapendeza kukuzwa.

*Inamfaa nani.* Mwalimu, katekista, mwanafunzi wa seminari, mfasiri, maktaba ya parokia. Katika mji huu ambamo jirani, na mara nyingi shemeji, ni Mwislamu ambaye dini yake haichori sura za manabii, mzee anayeandika huku simba amelala huweza kukaa sebuleni bila kumfadhaisha mgeni. Mwanglikana aliyelelewa bila picha za ibada naye huipokea kwa wepesi, kwa kuwa haimwombi apige magoti. Jina la mtakatifu huyu lina historia hapa pia: Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa alibatizwa Goa, India, kwa jina la Jerónimo, kisha mwaka 1631 akawaasi Wareno na kuitwaa Ngome ya Yesu. Kwa mwalimu wa historia hilo ni la kumwambia unapomkabidhi zawadi.

Karatasi na hewa ya bahari

Neno moja kwa zote nne. Unyevu na chumvi ya hewa yetu huleta madoa ya kahawia kwenye karatasi, hasa wakati wa masika. Mwambie fundi wa fremu aweke kadi isiyo na asidi, iliyokatwa uwazi katikati, kati ya picha na kioo ili karatasi isigusane na kioo, na aache nafasi ndogo nyuma ya fremu ili ukuta upumue. Usiitundike palipo na jua la moja kwa moja.

Mwongozo kwa hali yako

Ukitaka picha moja tu ya nyumba yenye watu wa rika zote, amua kati ya Mwokozi na Moyo Mtakatifu kwa kuangalia mahali ilipo nafasi. Ukuta unaoonwa na anayeingia ni wa mkono unaobariki. Ukuta ambao familia huketi chini yake kusali ni wa mkono unaoita.

Kwa zawadi ya upadirisho, uliza kwanza padre huyo atafanya kazi gani. Anayekwenda kufundisha mpe Yeronimo, na anayekwenda parokiani mpe Mwokozi, kwa kuwa mkono ule ataurudia mwenyewe mwishoni mwa kila Misa. Kwa mtoto wa komunio ya kwanza, Moyo Mtakatifu hueleweka bila maelezo mengi. Kama mtoto anapenda wanyama, Yeronimo na simba wake watamshika muda mrefu zaidi, mradi mkubwa amkalie karibu na kumsimulia habari ya ule mwiba.

Kwa aliyefiwa, ningemngojea kwanza. Wengine hufarijiwa na uso wa Mellan kwa kuwa unateseka pamoja nao, na wengine huona umewazidi; mwonyeshe nakala kwenye simu kabla ya kuchapisha, kisha umwache achague kati yake na Moyo Mtakatifu.

Kwa ukumbi wa jumuiya unaotumiwa na watu wa madhehebu mbalimbali, Mwokozi na Yeronimo hawana mgogoro, na wakitundikwa pamoja Mwokozi akae juu. Na kama fedha zinatosha chapa moja ya kipimo kikubwa tu, itumie kwa Mellan ikiwa una chumba tulivu cha kuiweka. Kama huna, chukua mojawapo ya zile tatu, ambazo kipimo kidogo hakiziharibu kwa kiasi hicho.